Uzi maalumu: Charles Stepney wa Chicago, fundi aliyekuwa nyuma ya Rotary Connection

Santuri za Baba:

Wakuu habari za usiku. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu, leo watoto wamelala mapema acha niuanze, nitaandika kwa vipande maana habari zenyewe ni ndefu na sitaki kuzilipua.

Chukua Killing Me Softly ya Fugees, ile ya 1996. Waliokulia mjini miaka ile wanaijua, ilipigwa kwenye daladala, saluni, harusini, mpaka kaseti zikawa zinavuta. Kuna mlio wa sitari, lile gitaa la Kihindi, unaingia unatoka, ukishausikia mara moja hauondoki kichwani. Ule mlio Fugees waliufuata kwa A Tribe Called Quest, Bonita Applebum ya 1990, na Tribe nao waliusampo, yaani waliukata na kuutumia upya, toka kwenye wimbo unaitwa Memory Band wa kundi la Rotary Connection la Chicago, miaka ya 60 mwishoni. Mtu aliyekuwa anapanga muziki wa Rotary Connection anaitwa Charles Stepney. Mtaje hata mbele ya wapenzi wa soul wa siku nyingi, wengi watakuuliza ndo nani huyo.

Mi nilikutana na jina lake mgongoni mwa santuri. Baba alikuwa na That's the Way of the World ya Earth, Wind & Fire, jalada limechakaa pembe zote nne, na mimi nikiwa kidato cha pili nilikuwa nasoma kila kilichoandikwa nyuma hata nisichokielewa. Maurice White, sawa, huyo anajulikana. Pembeni yake Charles Stepney. Miaka ikapita nikapata santuri ya The Dells kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya zamani, nageuza nyuma, Stepney. Ramsey Lewis, Stepney. Muddy Waters, Stepney tena! Nikasema huyu mtu anafanya blues, jazz, soul na rock ya mahipi, na kote huko jina lake liko kwenye maandishi madogo tu. Toka hapo nikaanza kumfuatilia.

Kaeni mkao wa kula, naendelea.

Mpiga Besi:

Nimeweka kigoda hapa mkuu. Memory Band nimeifungua sasa hivi, aisee ni yenyewe kabisa.

Santuri za Baba:

Stepney ni mzaliwa wa Chicago, 26 Machi 1931. Kabla hajawa prodyuza alikuwa mwanajazz, anapiga piano na vaibrafoni (ile ala ya vipande vya chuma unagonga kwa fimbo zenye vichwa laini, chini kuna mabomba). Alikuwa mpigaji wa vilabuni lakini pia alikuwa msomaji, na hapa naomba mtulie kidogo maana ndo ufunguo wa mambo yote yanayofuata. Kulikuwa na mwalimu anaitwa Joseph Schillinger, alitengeneza mfumo wa kutunga muziki kwa hesabu, vitabu vinene vimejaa majedwali na grafu, unachukua mdundo unaupangua kama namba unaupanga upya. George Gershwin alisoma kwa huyo bwana. Stepney alijifunza ule mfumo, na ndiye aliyempeleka mpiga piano mwenzake Muhal Richard Abrams kwenye vitabu hivyo. Abrams huyo huyo mwaka 1965 akawa miongoni mwa waanzilishi wa AACM, kile chama cha wanamuziki weusi wa Chicago kilichokuja kubadilisha jazz dunia nzima. Kwahiyo kabla hajaweka mkono wake kwenye hata hit moja ya redioni, tayari alishamfungulia mtu mwingine mlango mkubwa.

Katikati ya miaka ya 60 akaingia Chess Records, kwenye kazi za kuandika noti na kupanga muziki. Chess ndo nyumba ya Muddy Waters, Howlin' Wolf, Chuck Berry, Etta James. Lakini kufikia 1967 blues ilikuwa haiuzi kama zamani, vijana walikuwa wanasikiliza Hendrix na Beatles. Marshall Chess, mtoto wa mwenye lebo Leonard Chess, akaanzisha tawi dogo la kujaribia mambo mapya, akaliita Cadet Concept, na mtu aliyemtafuta ni Stepney.

Wakaunda kundi toka sifuri. Wakachukua vijana wa bendi moja ya rock ya kizungu, wakamweka Sidney Barnes upande wa waimbaji, na dada mmoja aliyekuwa anafanya kazi mapokezi pale pale Chess. Yule dada alikuwa Minnie Riperton. Weusi na weupe kundi moja, Chicago, miaka ile ile ambayo mji ulikuwa unawaka moto kwa ubaguzi.

Albamu ya kwanza wamechukua nyimbo za watu, Like a Rolling Stone ya Dylan, Lady Jane ya Rolling Stones, Soul Man, halafu wamezifumua nyuzi zote wakazishona upya. Vayolini pale si pambo. Kwenye soul nyingi za wakati ule zilikuwa zinawekwa juu mwishoni kama sukari, wimbo ukishakamilika. Kwa Stepney vayolini zinabishana na gitaa, zinaingia kabla hujazitegemea, zinakaa kimya pale ambapo mwingine yeyote angezijaza. Na sauti ya Minnie anaitumia kama ala, inapanda juu haina maneno, hujui kama ni mtu au filimbi.

Binti Kisauni:

Kaka mie Minnie namjua kwa Loving You tu, ile ya ndege wanaolia. Kumbe na ile ni ya Stepney?

Santuri za Baba:

Hapana dada, ile si yake. Loving You ipo kwenye Perfect Angel ya 1974, waliyoitengeneza Minnie na mume wake Richard Rudolph pamoja na Stevie Wonder. Ndo ilimfanya dunia nzima imjue. Lakini miaka minne kabla ya hapo kulikuwa na Come to My Garden, albamu yake ya kwanza peke yake, ilitoka 1970, Stepney ndiye prodyuza na ndiye aliyepanga muziki. Piano anapiga Ramsey Lewis, gitaa Phil Upchurch, drams Maurice White. Haikuuza. Mi naiweka juu ya kila kitu alichowahi kukigusa Stepney, na nitabishana na yeyote hapa.

Tafuta Les Fleurs, wimbo wa kwanza. Anaimba kama yeye ndo ua. Mwanzo sauti ya chini, karibu anakunong'oneza, muziki kidogo tu, halafu drams zinaanza kusogea kama mtu anapanda ngazi, halafu kwaya nzima inafunguka. Ukimsikiliza mtu anavyofika pale unaelewa yale mahesabu ya Schillinger yalikuwa ya nini. Kila kitu kimepimwa na bado moyo unakupasuka. Waliotazama Us ya Jordan Peele, ya 2019, ndo wimbo unaopigwa mwishoni kabisa.

Zamani za Kale:

Mkuu heshima kwako, uzi mzuri, ila kuna kitu lazima tukiseme. Huyu Stepney wako ndiye aliyeshiriki kuharibu Muddy Waters kwenye Electric Mud. Mi ni mtu wa blues toka utoto. Unamchukua mzee kama Muddy, mtu aliyebeba Mississippi yote kifuani, unamzungushia magitaa yanayopiga kelele na wawa (kile kifaa cha mguu kinacholiza gitaa) kila kona, sauti yake inapotelea humo. Muddy mwenyewe hakuipenda ile albamu na alisema. Na Howlin' Wolf walimfanyia hivyo hivyo mwaka uliofuata, tena wakaandika juu ya jalada kabisa kwamba hii ni albamu yake mpya na haipendi! Hiyo si heshima kwa mzee.

Santuri za Baba:

Mkuu Zamani za Kale nimekuelewa na lile jalada la Wolf hata mimi linaniuma, kumtangaza mzee wa watu kwa kutoridhika kwake haikuwa sawa.

Ila tutenganishe vitu. Electric Mud ilitoka 1968, wazo la kumvalisha Muddy nguo za kihipi lilikuwa la Marshall Chess, alitaka kumfikisha kwa wale vijana wanaonunua Hendrix. Marshall, Stepney na Gene Barge ndo wamesimamia utengenezaji. Kwenye chati ya albamu ya Billboard ikafika namba 127, kwahiyo watu waliinunua, wakosoaji wa Marekani ndo wakaichana. Sasa sahau kidogo kwamba ni Muddy, sikiliza bendi. Pete Cosey na Phil Upchurch magitaa, Louis Satterfield besi, Morris Jennings drams. Wale ni watoto wa jazz wa Chicago wanapiga rock nzito kabla hata watu hawajaipa jina. Cosey baadaye akachukuliwa na Miles Davis, kwenye ile bendi yake ya umeme ya miaka ya 70. Satterfield akaishia kupuliza tromboni kwa Earth, Wind & Fire. Na Chuck D wa Public Enemy amesema wazi kwamba ile albamu ndo iliyomwingiza kwenye blues, akarudi nyuma kutafuta Muddy wa zamani. Sasa mlango ukimwingiza mtu ndani ya nyumba, siwezi kusema mlango ni mbovu.

Kama albamu ya Muddy, nakubaliana na wewe, Muddy bora yuko kwingine. Kama kazi ya studio, ni kubwa.

Zamani za Kale:

Hilo la bendi nakubali. Sauti ya mzee bado nasema ilizidiwa.

Fundi Mitambo:

Nina studio ndogo huku Mbagala, natengeneza singeli na bongo fleva. Swali langu, hivi Stepney alikuwa prodyuza kwa maana ya anayetengeneza biti kama sisi au alikuwa anasimamia tu? Maana zamani prodyuza alikuwa bosi anayelipa studio.

Santuri za Baba:

Swali zuri sana. Yeye alikuwa anafanya yote ambayo leo mnafanya kwenye kompyuta, ila kwa karatasi na watu. Anatunga, anaandika noti za kila chombo, vayolini, selo, tarumbeta, anawaelekeza waimbaji, anapiga kinanda mwenyewe. Kundi la vayolini analolitumia ni watu wa Chicago Symphony, wanatoka kupiga Beethoven wanakuja kupiga za Stepney. Halafu lazima zikae pamoja na drams za akina Jennings waliotoka kwenye vilabu. Kuwaweka hao watu chumba kimoja wakaelewana ndo kazi yenyewe.

Mfano wa jinsi anavyofikiria urefu wa wimbo: The Dells walikuwa na wimbo Stay in My Corner, wameshaurekodi 1965, wimbo wa kawaida. Mwaka 1968 wakaurudia Chess, prodyuza Bobby Miller, Stepney kapanga muziki. Ukawa wa dakika 6 na zaidi, redio za wakati ule zilikuwa zinataka dakika 3. Kuna sehemu mwimbaji wao Marvin Junior anashika noti moja anaivuta, anaivuta, na muziki chini yake unapanda naye pole pole haumwachi. Ulishika namba 1 kwenye chati ya R&B na namba 10 kwenye pop. We jaribu leo kumpelekea mtu wa redio wimbo wa dakika 6 uone.

Fundi Mitambo:

Nimeisikiliza. Ile noti nimeirudia mara nne. Naomba endelea mkuu.

Santuri za Baba:

Sasa kuna huyu mtu, Terry Callier. Nakiri huwa napata shida kumwongelea kwa utulivu.

Callier alikulia Cabrini-Green, zile nyumba za serikali za Chicago, mtaa mmoja na Curtis Mayfield. Ana gitaa la kawaida, anaimba folk, anaimba jazz, hakuna rafu dukani inayomfaa. Stepney alimtengenezea albamu tatu, Occasional Rain 1972, What Color Is Love 1973, I Just Can't Help Myself 1974. Ile ya kati inafungua na Dancing Girl, karibu dakika 9, anaanza na gitaa na sauti kama ndoto ya alfajiri, halafu Stepney anamjengea mji mzima nyuma yake, kinubi, vayolini, tarumbeta, na mwisho unavurugika kabisa halafu unarudi mikononi mwa gitaa. Hazikuuza. Callier akaja kuacha muziki kabisa, akasomea kompyuta, akaajiriwa Chuo Kikuu cha Chicago kama mwandishi wa programu. Miaka ya 90 mwanzoni madijei wa Uingereza wakaanza kuzipiga zile santuri kwenye kumbi za London, wakamtafuta, mzee anachukua likizo kazini anaenda Uingereza kupiga shoo. Alifariki 2012, lakini angalau alisikia watu wakiimba nyimbo zake.

Stepney hakufika huko. Na mambo pale Chess yalishaanza kubadilika mapema, lebo iliuzwa kwa kampuni ya GRT mwaka 1969 na Leonard Chess akafa mwaka ule ule mwezi wa 10. Rotary Connection nao walitoa albamu sita, ya mwisho Hey Love ya 1971. Humo kuna I Am the Black Gold of the Sun, aliyoiandika Stepney na Rudolph. Wimbo wa mtu mweusi anajiita dhahabu nyeusi ya jua, gitaa la Kihispania mwanzoni, halafu kwaya. Mwaka 1997 Nuyorican Soul waliurudia na Jocelyn Brown, wale wa muziki wa house hapa lazima wanaujua.

Ilimba:

Niulize kitu kuhusu Maurice White, kwakuwa umemtaja kwenye drams. Mimi ni wa Dodoma na jina langu humu mnaliona. Huyu White alikuwa anapiga kalimba jukwaani, na kwetu Wagogo ilimba ndo chombo cha nyumbani, marehemu Hukwe Zawose aliizungusha dunia nzima. Walikutana wapi hao wawili, White na Stepney?

Santuri za Baba:

Pale pale Chess. White alikuwa mpiga drams wa studio, baadaye akawa kwenye Ramsey Lewis Trio kuanzia 1966, na Stepney ndiye alikuwa anampangia Ramsey muziki. Kuna albamu inaitwa Mother Nature's Son ya 1968, Ramsey anapiga nyimbo za Beatles, vayolini zote za Stepney. Kwahiyo White alikaa miaka anamwangalia huyu mtu anavyofanya kazi. Alipokuwa na bendi yake mwenyewe, hiyo Earth, Wind & Fire, na inatafuta njia, akamfuata. Stepney akaingia kwenye Open Our Eyes ya 1974, ambayo ina Kalimba Story humo, halafu 1975 That's the Way of the World wakaitengeneza pamoja, ikafika namba 1. Reasons ameandika Stepney na White na mwimbaji wao Philip Bailey. Wimbo wenye jina la albamu, yeye na White na Verdine, mdogo wake White anayepiga besi. Na kampuni ya White ya kutengeneza muziki iliitwa Kalimba Productions, kwahiyo ndugu yangu jina la ukoo wa ilimba yenu limeandikwa kwenye santuri nyingi sana, This Is Niecy ya Deniece Williams na Flowers ya The Emotions, zote 1976, White na Stepney.

Na nilichokuja kukigundua, ukisikiliza Reasons baada ya kusikiliza Rotary Connection, ni mtu yule yule. Bailey anapandishwa juu kama alivyokuwa anapandishwa Minnie. Tofauti ni kwamba safari hii watu walisikia.

17 Mei 1976 moyo wa Stepney ukasimama, hapo Chicago. Miaka 45. Walikuwa katikati ya kutengeneza Spirit ya Earth, Wind & Fire, jamaa wakaimalizia bila yeye, wakamtolea kama kumbukumbu.

Mpiga Besi:

45 ni umri wangu. Mkuu hapo umeniacha kimya.

Binti Kisauni:

Innalillahi. Na familia yake je? Alikuwa na watoto?

Santuri za Baba:

Ndiyo dada, na hapa ndo nilitaka kufika.

Nyumbani kwake, upande wa kusini wa Chicago, Stepney alikuwa na studio kwenye chumba cha chini ya nyumba. Mashine ya tepu ya njia nne (unarekodi sauti nne kila moja kivyake), sintesaiza ya Moog, vinanda, vaibrafoni yake, mashine ya midundo ya zamani ile. Usiku anashuka, anajirekodi mwenyewe, anapiga kinanda, anarudisha tepu, anaongeza kingine juu. Mabinti zake watatu, Eibur, Charlene na Chanté, wakakua wanasikia hiyo kazi kupitia sakafu. Baba alipofariki tepu zikabaki, na wao wakazitunza. Mwaka 2022 lebo ya International Anthem ya pale pale Chicago ikatoa Step on Step, vipande 23 kutoka chini ya ile nyumba. Ni albamu ya kwanza kabisa yenye jina lake mbele, miaka 46 baada ya kufa.

Humo utasikia That's the Way of the World kabla haijawa ya Earth, Wind & Fire, na Imagination, na On Your Face, na ile Black Gold ikiwa bado mbichi. Hakuna vayolini, hakuna kwaya, hakuna Minnie. Mtu mmoja na kinanda na kamdundo ka mashine kanakwenda tik tik tik. Fundi Mitambo, we nakuomba uisikilize hiyo kuliko zote, maana ni wewe huyo, mtu na vifaa vinne usiku, anatafuta. Kila kitu kikubwa kilichokuja baadaye kipo mle ndani kikiwa kidogo.

Fundi Mitambo:

Ndo niko nayo sasa hivi kwenye spika. Besi ya kinanda chake iko mbele kidogo ya mdundo, haikai juu yake kabisa. Sisi tunazinyoosha zote na kompyuta. Kesho najaribu kuacha hivyo.

Zamani za Kale:

Mkuu nimerudi. Nimeisikiliza tena Electric Mud, safari hii kwa kufuata gitaa la Cosey tu kama ulivyosema. Bado namtaka Muddy wangu wa zamani. Ila Herbert Harper's Free Press News nimeirudia mara mbili, sikutegemea.

Binti Kisauni:

Nimeweka Les Fleurs, nyumba nzima imelala, nimevaa hedifoni. Ilipofunguka ile kwaya nilisimama kaka, nikasimama hapo katikati ya sebule mpaka ikaisha.

Santuri za Baba:

Sasa dada weka Dancing Girl, uzime na taa.